Usingoje Juni: Mazungumzo Kuhusu Ritani ya Ushuru

Labda uko jikoni kule Langas, labda uko kwenye matatu ya kwenda Burnt Forest, au uko shambani Moiben unatazama mawingu kabla ya kutia mbegu ya mwisho ardhini. Leo nimekuja na habari ya ritani ya ushuru. Najua kuna aliyesikia neno hilo na mkono tayari umeenda kwenye kitufe cha kubadilisha stesheni. Nakuomba uurudishe. Tuko Aprili, na Aprili ndio wakati wa kulizungumza jambo hili. Ukilizungumza Juni unazungumza na watu walio mbioni, na aliye mbioni hasikii.

Kila mwaka mambo ni yale yale. Kuanzia tarehe 1 Januari Mamlaka ya Ushuru, KRA, hupokea ritani za mapato ya mwaka uliotangulia. Siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Tunapewa nusu mwaka. Januari tunahangaika na karo, Februari tunajisahau, Machi na Aprili mvua inaanza na kila mwenye kipande cha shamba yuko kwenye mahindi. Mei inapita hivi hivi. Ikifika wiki ya mwisho ya Juni, Eldoret inabadilika sura. Foleni Huduma Centre pale Posta, foleni KVDA Plaza kwenye ofisi za KRA, saiba zimejaa mpaka mlangoni, na tovuti ya iTax inakwenda kwa kusuasua kwa sababu Kenya nzima imeingia kwa mkupuo. Mama amefunga kibanda chake cha mboga, mwalimu ameomba ruhusa shuleni, kijana ametoka Turbo alfajiri. Jioni wanarudi hawajamaliza, wakiapa kwamba ushuru ni balaa.

Balaa lile ni la wiki ya mwisho. Kazi yenyewe ya kujaza ritani, kwa mtu aliyeajiriwa mahali pamoja na asiye na mapato mengine, inaisha kabla sufuria ya maharagwe haijaiva. Nasema hivi si kwa kumbeza anayeogopa. Nasema kwa sababu nimeona watu wazima, wenye akili timamu, wakikosa usingizi kwa ajili ya fomu ambayo hawajawahi kuifungua.

Tuanze na karatasi. Ukiwa umeajiriwa, karatasi yako kuu ni P9. Mwajiri hukupa mwaka ukiisha, na ndani yake mna miezi yako 12, kila mwezi na mstari wake. Ishike uisome wewe mwenyewe. Juu kuna jina la mwajiri na PIN yake, kisha jina lako na PIN yako. Hakiki PIN hiyo herufi kwa herufi, kwa maana ikikosewa, ushuru uliokatwa kwenye jasho lako hautaonekana kwenye akaunti yako. Kisha fuata safu kutoka kushoto kwenda kulia: mshahara wote, makato yanayotolewa kabla ya ushuru, kiasi kinachobaki kutozwa, ushuru wenyewe, nafuu ya kibinafsi ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, na mwisho kabisa ushuru wa mshahara uliokatwa, yaani PAYE. Chini ya yote kuna jumla ya mwaka. Jumla hizo ndizo zitakazoingia kwenye ritani.

Wengi wetu tunakatwa bila kujua tunakatwa vipi, na nadhani hapo ndipo woga unapozaliwa. Basi chukua kalamu. Mfanyakazi analipwa 50,000 kwa mwezi. Kabla ushuru haujahesabiwa yanatolewa mambo matatu: mchango wa pensheni wa NSSF, kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, ni 3,000. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ni 1,375. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ni 750. Zinabaki 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25. Zilizosalia zinatozwa asilimia 30. Ukijumlisha unapata kama 8,246. Toa nafuu ya 2,400, unabaki na 5,846. Hiyo ndiyo PAYE ya mwezi mmoja. Kama mshahara wako ni huo na slipu yako inaonyesha namba iliyo mbali na hiyo, nenda kwa karani wa mishahara ukamwulize. Ni haki yako, na karani mzuri atafurahi kukueleza.

Nikumbushe pia kwamba SHIF na tozo ya nyumba zilianza kutolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa baada ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Kwa hiyo anayeweka P9 ya 2024 na ya 2025 kando kwa kando ataona hesabu hazifanani, na hakuna aliyemwibia.

Kuna nafuu nyingine ambazo watu huziacha mezani. Mwenye bima ya maisha hupata nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka, mradi awe na cheti cha kampuni ya bima. Anayelipia mkopo wa nyumba anayoishi hutolewa riba hadi 360,000 kwa mwaka. Na mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha hatozwi ushuru kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Hili la mwisho naliomba liwafikie wanaohusika, maana wako wafanyakazi wenye ulemavu wanaokatwa mwaka baada ya mwaka kwa kuwa hakuna aliyewaambia waombe cheti.

Walimu wa tume ya walimu, TSC, hupata P9 pale pale mtandaoni wanaposomea slipu zao. Aliye kwenye shule ya kibinafsi, kiwandani, hotelini au dukani anapaswa kuiomba kwa mwajiri, na mwajiri ana wajibu wa kuitoa. Omba sasa. Ukiomba Juni, utakuta karani ana maombi ya watu wote mezani.

Sasa ingia iTax. Utaweka PIN, utaweka paswadi, kisha mashine itakuuliza hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa, ya darasa la pili. Ukishaingia unachagua kuwasilisha ritani, halafu ushuru wa mapato wa mkazi binafsi. Kwa mwenye mapato ya ajira peke yake kuna fomu inayojazwa moja kwa moja kwenye tovuti, na sehemu kubwa utaikuta imeshajazwa kutokana na taarifa za mwajiri wako. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Wanaona imejazwa, wanabonyeza, wanaondoka. Tulia. Weka P9 kando ya skrini na ulinganishe namba moja moja. Mwajiri hutakiwa kupeleka taarifa na pesa za PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ikiwa aliruka mwezi, au aliandika PIN yako vibaya, pengo utaliona hapa. Ukiliona Aprili una zaidi ya miezi miwili ya kulifuatilia, ukiwa na slipu zako kama ushahidi. Ukiliona tarehe 29 Juni saa nne za usiku utamwamsha nani?

Ukimaliza, mfumo hukupa risiti ya kuonyesha ritani imepokelewa. Ipakue, iweke kwenye simu na kwenye barua pepe, na ukiweza ichapishe. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu zako kwa miaka 5. Faili moja ya plastiki inatosha nyumba nzima: P9, slipu, vyeti vya bima, risiti.

Msikilizaji wangu, sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Ritani ya nil.

Nil ni ya mtu mwenye PIN ambaye mwaka mzima hakuwa na mapato. Mwanafunzi, mtu aliyekosa kazi, mama aliye nyumbani bila biashara. Ni halali na ni rahisi. Lakini imekuwa mtindo kwamba mtu anaingia saiba, anasema "nifanyie KRA", analipa mia chache, na yule kijana wa saiba, kwa kutaka kumaliza foleni, anabonyeza nil kwa kila mtu. Anambonyezea muuguzi. Anambonyezea askari wa usiku anayekatwa PAYE kila mwezi. Anambonyezea mwenye duka. Mtu anatoka na karatasi yenye nembo ya KRA, anaikunja vizuri, anaenda nyumbani akiamini amemaliza. Kumbe ametia jina lake chini ya taarifa inayosema hakupata hata senti, ilhali mwajiri wake alipeleka KRA jina lake na mshahara wake mara 12. Taarifa ya uongo kwenye ritani ni kosa la kisheria, na mwenye kuulizwa ni mwenye PIN. Yule kijana wa saiba hatakuwepo.

Siwalaumu vijana wa saiba wote. Wako wanaojua kazi yao barabara, wanaouliza kwanza: "Una kazi? Una P9? Una nyumba za kupangisha?" Huyo mpe kazi yako na umlipe. Asiyeuliza swali hata moja, chukua kitambulisho chako uondoke. Na ikiwa mwaka uliopita ulifanyiwa nil na ulikuwa kazini, ritani inaweza kurekebishwa kwenye iTax ndani ya miaka 5. Afadhali uirekebishe mwenyewe kabla hujaitwa. KRA ilitangaza mwishoni mwa 2025 kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazoandikwa kwenye ritani zitalinganishwa na ankara za kielektroniki za eTIMS, rekodi za ushuru wa zuio unaokatwa kabla hujalipwa, na rekodi za forodha. Namba zako wanazo. Zako wewe na zao zikubaliane.

Kuna jambo lingine la saiba ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wengi walitengenezewa PIN saiba, na kwa kuwa hawakuwa na barua pepe, mwenye saiba akaweka ya kwake. Miaka imepita, saiba imefungwa, na kila ujumbe wa KRA unakwenda kwenye sanduku la mtu asiyejulikana aliko. Ukisahau paswadi huwezi kuipata, maana nayo inatumwa huko huko. Ukiwa mmoja wao, beba kitambulisho, nenda Huduma Centre au ofisi ya KRA, uombe barua pepe na namba ya simu vibadilishwe viwe vyako. Nenda Jumanne moja ya mwezi huu wa mvua, wakati foleni ni fupi. Na paswadi usimwachie mtu. Aliye na PIN yako na paswadi yako anaweza kusema lolote kwa jina lako.

Wanafunzi wa Moi na wa Chuo Kikuu cha Eldoret, hili ni lenu. Mlipoomba mkopo wa masomo wa HELB mlitakiwa kuwa na PIN, mkaichukua, na wengi mkaisahau siku ile ile. Lakini mwenye PIN anatarajiwa kuwasilisha ritani hata kama hana kitu. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyeacha miaka minne anahitimu na deni la 8,000 juu ya lile la HELB. Hataliona mpaka siku anapopata kazi na kuambiwa alete cheti cha KRA cha kuthibitisha hadaiwi ushuru. Nafasi ya kazi iko mkononi, na inazuiliwa na fomu ya nil ambayo ingejazwa kwa dakika chache. Mzazi unayenisikiliza, mpigie mwanao simu jioni umwulize.

Nije kwa wenye kazi mbili, na hapa naomba usikivu, kwa sababu hapa ndipo mshtuko mkubwa hutokea. Eldoret ni mji wa vyuo na hospitali, na wako wengi wanaofundisha mahali pamoja asubuhi na mahali pengine jioni. Rudi kwa mtu wetu wa 50,000. Tuseme anapata 20,000 nyingine kwenye chuo cha pili, na chuo hicho kinamhesabia kana kwamba hana kazi nyingine. Kwenye 20,000 ushuru ni asilimia 10, haufiki 2,000, na kwa kuwa wanampa nafuu ya 2,400, PAYE inakuwa sufuri. Anafurahi. Lakini kwenye ritani mishahara yote miwili inajumlishwa. Nafuu ni moja tu kwa mtu mmoja. Ngazi za chini za asilimia 10 na 25 zilishatumiwa na mshahara wa kwanza, kwa hiyo ule wa pili unakaa wote kwenye asilimia 30. Hata baada ya kutoa NSSF, SHIF na tozo ya nyumba, mwisho wa mwaka iTax inamwambia anadaiwa zaidi ya shilingi 60,000.

Mtu akiona namba hiyo mara ya kwanza, anadhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Ni ushuru ambao ungekatwa kidogo kidogo kila mwezi na haukukatwa. Dawa yake ni kumwambia mwajiri wa pili tangu siku ya kwanza kwamba una mwajiri mwingine, asikupe nafuu. Utapokea pungufu kila mwezi, ndiyo, lakini hutaletewa mzigo mmoja mwezi wa nne. Na ukilipwa kama mshauri au mkufunzi wa kandarasi, huenda unakatwa ushuru wa zuio wa asilimia 5. Cheti chake hukaa kwenye akaunti yako ya iTax. Tafuta hivyo vyeti kabla ya kujaza, kwa sababu pesa hizo ulishazilipa na zinapaswa kuhesabiwa upande wako.

Nimesema mwezi wa nne kwa makusudi. Ritani ina hadi 30 Juni, lakini ushuru wowote unaobaki kulipwa unatakiwa uwe umelipwa kufikia 30 Aprili. Watu wengi hawalijui hili. Wanangoja Juni, wanakuta tayari kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Ndiyo maana nimekuja kwenu leo.

Wenye nyumba za kupangisha, nanyi msijifiche. Mji umepanuka kuelekea Annex, Kapsoya, Kimumu na Chepkoilel, na vyumba vya wanafunzi vimejengwa kila kona. Ukipokea kodi ya nyumba za kuishi inayozidi 288,000 kwa mwaka na isiyozidi milioni 15, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye vyumba 12 vya 4,500 kila kimoja anapokea 54,000, ushuru wake ni 4,050. Wanafunzi wakienda likizo ndefu na vyumba vikakaa vitupu, unaripoti kile ulichopokea kweli, hata kama ni sufuri. Kosa ninalolisikia sana ni mtu kulipa miezi mitatu kisha kunyamaza kwa sababu vyumba vilikuwa vitupu. Kimya nacho kinahesabiwa kuwa ni kuchelewa.

Mwenye biashara inayoingiza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka yuko kwenye ushuru wa mauzo, asilimia 3, nao ni wa kila mwezi kufikia tarehe 20. Mkulima wa mahindi au ngano anayetaka kuhesabiwa faida baada ya gharama, atunze risiti za mbegu, mbolea, dizeli na trekta, kwa kuwa gharama isiyo na ankara ya eTIMS ina hatari ya kukataliwa. Mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5, mnunuzi anaweza kumtolea ankara hiyo. Ushirika wako ukikuambia habari ya eTIMS, sikiliza, usikimbie.

Na wanariadha wetu. Mji huu umejengwa kwa kiasi kikubwa na miguu yao, majengo yako hapa kila mtu anayaona. Wengi mnakumbuka mvutano wa mwaka 2014 kati yao na KRA kuhusu fedha za zawadi zinazopatikana ng'ambo. Uchungu wao ulieleweka, kwani mashindano mengi hukata ushuru papo hapo kabla mwanariadha hajapanda ndege. Kwa kijana anayeanza kushinda leo nina neno moja: kila karatasi ya makato unayopewa na waandalizi wa mbio au na meneja wako, irudishe nyumbani na medali. Kisha tafuta mhasibu mwenye leseni akuangalizie mambo hayo, kwa sababu mapato ya nchi mbili hayafai kujazwa kwa kubahatisha.

Kuna wanaonisikiliza wakinung'unika: mbona unatuhimiza kupeleka pesa zetu kwa serikali? Ni swali la haki na silikwepi. Hofu ya ushuru katika nchi hii ina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza walitoza ushuru wa vibanda, na mwanamume aliyekosa pesa taslimu alilazimika kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya walowezi, mengine yakiwa hapa hapa kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Mababu zetu walijua ushuru kama mkono unaochukua. Juni 2024 vijana wetu waliingia barabarani nchi nzima, Eldoret ikiwemo, kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 mwezi huo Rais akakataa kuutia sahihi. Hasira ile haikuwa ya watu wasiojua hesabu. Ilikuwa ya watu waliohesabu vizuri sana.

Mimi naamini anayejua alichokatwa ndiye anayeuliza kwa nguvu zaidi. Mama anayeweza kusema, mwaka jana nililipa shilingi 70,152, mbona barabara ya kwetu Munyaki iko hivi, huyo hawezi kunyamazishwa kwa maneno matupu. Namba ile anaitoa wapi? Kwenye P9 yake. Anayepelekewa nil na mtu mwingine hana namba ya kutaja. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Jiji linahitaji maji, taa na mitaro, na linahitaji wakazi wanaoweza kuuliza pesa zao zimefanya nini, huku wakizitaja kwa kiasi.

Kuna waliokwama tayari. Labda umefungua iTax ukakuta madeni ya miaka mitatu, ukaifunga upesi na hujairudia. Nakuelewa. Msamaha wa adhabu na riba uliokuwepo ulikwisha tarehe 30 Juni 2025, kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekuahidi kukufutia deni kwa malipo ya pembeni. Wasilisha kwanza ritani zote zilizokosekana, hata kama huna pesa za kulipa leo. Kuwasilisha na kulipa ni mambo mawili. Kisha nenda ofisini uombe kulipa kwa awamu. Utaratibu huo upo, na watu wanaupata. Sharti ni ujitokeze mwenyewe. Na malipo yoyote yafanyike kwa namba ya malipo inayotolewa na iTax, ukipenda kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222. Ukiambiwa tuma kwa simu ya fulani ili akusaidie, kataa.

Wako pia wazee wetu waliostaafu na jamaa wasiojua kutumia tovuti. Kwao kijana wa nyumbani ni msaada mkubwa, lakini kijana, mkalishe mzee kando yako. Msomee kila namba, mwache aseme ndiyo au la, kisha mwonyeshe risiti. Paswadi iandikwe kwenye daftari lake, likae kabatini kwake.

Basi wiki hii nakuomba mambo mawili tu. Omba P9 yako kama bado huna. Na ingia iTax, hata kama hutajaza chochote, uhakikishe kwamba paswadi inafanya kazi na barua pepe iliyoko ni yako. Unayekwama mpigie KRA kwenye 0711 099 999, au fika Huduma Centre pale Posta asubuhi siku ya kazi. Ushuru uliobaki ni kufikia tarehe 30 Aprili, ritani ni kufikia tarehe 30 Juni.